Mara Ngapi Umeinua Kichwa

Makorora, Tanga
Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Bakari,

Salamu tutapeana kesho kwenye basi, mkono kwa mkono, mbele ya watu, nami nitakuambia maneno ya mbele ya watu. Haya ya karatasini ni yale niliyojaribu kukuambia jana nikashindwa.

Sina haja ya kukuandikia habari za chakula, nguo, sala wala marafiki. Mama yako yuko uani anakukaangia vya njiani, na tangu adhuhuri anayasema hayo yote kwa sauti. Ukimsikiliza nusu tu utakuwa umetosheka. Mimi nina jambo moja. Nimejipa muda kuanzia sasa mpaka adhana ya magharibi, kwa sababu baada ya hapo watakuja wageni wa kukuaga, nitacheka nao, na nitakuwa mwoga tena.

Jambo lenyewe ni zile pumzi zako ishirini.

Nataka uziache. Ukifika Mombasa usizivute tena, kwenye mashindano wala kwenye mazoezi, na hasa usizivute ukiwa peke yako majini. Najua umekwisha kasirika. Kasirika, lakini karatasi usiikunje. Mimi ndiye niliyekufundisha, na ni mimi peke yangu ninayejua nilikozitoa.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu uliposhindwa kwenye mbio za watoto wa bandari. Njia niliipima mwenyewe kwa kamba: pima ishirini na tano, yaani yadi hamsini kamili, kutoka tishari moja la mizigo mpaka jingine, kwa sababu niliwajua wakubwa wa ofisini, wao hupima kwa macho. Ulishindwa kwa urefu wa kichwa. Ulilia, ukasema maji yalikuingia puani. Mimi nilikuwa nimekwisha hesabu. Uliinua kichwa kuvuta pumzi mara nne, na kila ulipoinua, mkono wako wa kushoto ulichelewa. Nusu sekunde kila mara. Sekunde mbili nzima ulizitupa baharini, na mwenzio alikushinda kwa chini ya moja.

Wiki ile ile nikakupeleka kwenye maji ya kifuani, nyuma ya maghala, nikakuonyesha. Vuta, toa, vuta, toa, haraka haraka kama mtu anayepuliza mkaa, mara ishirini. Kichwa kinakuwa chepesi, ncha za vidole zinawasha. Kisha ingia, na uso usiutoe majini mpaka uguse mbao ya kumalizia. Uligusa mbao ukatoka unacheka: "Baba, hata hamu ya pumzi sikuiona!" Nikabonyeza saa, nikaandika. Kuanzia siku ile hakuna aliyekushinda Tanga hii.

Hukuniuliza mwenyewe nilijifunza wapi.

Nilijifunza Tongoni, kwa kumhesabia ndugu yangu Sefu. Wewe baba yako mdogo huyo unamjua kwa chano tu. Bibi yako alipokuwa hai, kila mwaka tulikwenda kwake, akatengeneza chano cha halua, kashata, maji ya waridi, ubani na yai bichi, tukakipeleka ufukweni kwa ajili ya wale wa baharini waliomchukua mwanawe. Wewe ndiye uliyekuwa ukikibeba kichwani, na kila tukifika kashata zimepungua. Bibi yako akisema, "Hao wa baharini mwaka huu wana njaa, wameanza kula njiani." Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote, maana kicheko kile kilinipa mahali pa kuficha uso.

Tulikuwa tukizamia majongoo ya bahari, mimi na Sefu, mimi miaka kumi na minane, yeye kumi na sita. Tajiri aliyeyanunua aliyahesabu kwa korija, ishirini ishirini, na yasiyotimiza korija hayakuwa kitu. Siku ukipata thelathini na tisa, ni sawa na aliyepata ishirini. Hiyo ndiyo skuli yangu ya hesabu, Bakari. Nyingine sikwenda.

Basi nikagundua kwamba mzamiaji akivuta pumzi za haraka kabla ya kuzama, hukaa chini zaidi. Saa sikuwa nayo, nilihesabu kwa mdomo. Bila pumzi hizo Sefu alikaa mpaka sitini. Akivuta kumi, themanini. Akivuta ishirini, mia. Nikajiona nimewazidi akili wazamiaji wote wa pwani yetu. Mmoja wao, mtu mzima, alitukuta siku moja tunahema vile akasema, "Nyie mnajijaza upepo kama viriba, kwani mnakwenda chini au mnakwenda juu?" Tukamcheka mpaka akaondoka.

Siku yenyewe ilikuwa bamvua, maji yamekupwa sana. Tulikuwa na majongoo thelathini na manane. Yalibaki mawili kutimiza korija ya pili. Sefu akasema amechoka, kifua kinambana, turudi. Nikamwambia, "Mawili tu, Sefu. Vuta thelathini." Akavuta thelathini, mimi ndiye niliyemhesabia. Akazama pima nne.

Nikahesabu. Themanini. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini. Na hapa pana neno ambalo sijalitamka mbele ya mtu kwa miaka ishirini na saba: nilifurahi. Nilikaa ndani ya mtumbwi nikifurahia namba. Mia na thelathini, hajapata kufika mtu. Mia na arobaini. Nikatazama chini, nikamwona anapanda mwenyewe, polepole, uso juu, mikono imelegea, jongoo moja bado kalishika. Nikadhani ananichezea, maana alikuwa anatabasamu.

Watu wa kwetu wamewaona waliokufa maji, wanajua sura zao zinavyokuwa. Sefu hakuwa hivyo. Alikuwa kama aliyelala akiota ndoto nzuri. Wakasema pale pale: huyu hakufa maji, huyu kaitwa. Waliomwita wamemwonyesha kitu akakipenda. Nami nilisimama kati yao, jibu ninalo mdomoni, thelathini, nikanyamaza. Kuitwa kulinifaa. Mtu akiitwa, hakuna anayeulizwa.

Mama yangu aliwapelekea halua miaka kumi na tisa, akiwaomba radhi kwa kosa lililokuwa langu, na mimi nikimshika mkono asiteleze kwenye mawe.

Sasa utasema: ulijua haya yote, na bado ukanifundisha? Ndiyo. Nilijiambia kule ni kuzama, huku ni kuogelea juu juu, yadi hamsini, sekunde ishirini na kitu. Sefu alikaa chini zaidi ya dakika mbili. Kwa hesabu yangu palikuwa na nafasi kubwa kati yako na yeye, na hesabu zangu mimi nilikuwa naziamini kuliko kitu chochote.

Tena palikuwa na uchungu wangu mwenyewe. Nilianza kuli, nikabeba marobota ya mkonge mpaka bega hili likashuka, unaliona. Nikajifunza kusoma kwenye vibandiko vya mizigo. Nimekuwa karani wa kuyahesabu marobota yale yale, na kwa miaka kumi na moja kila hesabu yangu inahesabiwa tena na kijana yeyote aliyeletwa kwa meli kutoka Ulaya, ambaye jana alikuwa hajui kutofautisha katani na kamba. Sijakosea robota moja. Si moja! Makuli wananiita Mzee Saa, wananiuliza, "Mzee Saa, hata mkeo ukimtuma sokoni unambonyezea?" Nilitaka namba moja yangu ambayo hakuna mtu atakayeihesabu tena. Ikawa wewe. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kwa kuwa nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu, naliona kubwa kuliko la kwanza.

Nije kwenye mbio za mwaka huu. Wewe unazijua kwa kuhadithiwa. Nikueleze nilivyoziona.

Nilikuwa juu ya tishari la kumalizia, saa mkononi. Nikakuona ng'ambo mabega yanapanda na kushuka, nikakuhesabia kwa mazoea. Ishirini. Hukusimama. Thelathini. Filimbi ililia ukiwa kwenye ya arobaini na moja. Mimi sikukuambia uongeze. Umeongeza mwenyewe, na hukuniambia, kama vile Sefu naye, lau angeishi, angekuwa na siri zake.

Uso hukuutoa majini hata mara moja. Ukagusa mbao, nikabonyeza: ishirini na tano. Yule bwana mwenye saa ya ofisi akasema ishirini na saba. Nikamwambia saa yake imelala. Akasema yangu ni ya kununua dukani. Nikamgeukia, nikamnyooshea kidole, na watu wakaacha kukutazama wewe wakatutazama sisi. Muda huo wote ulikuwa chini ya miguu yangu, uso majini, mkono mmoja kwenye mbao, hutikisiki.

Nimeyarudia moyoni yale maneno niliyojibizana na yule bwana, nikayapigia saa. Ni sekunde tisa.

Aliyekuona ni Mzee Kombo, yule mshika kamba wetu. Alikukamata kwapani akakuvuta juu. Midomo yako ilikuwa rangi ya zambarau. Ukakohoa mara moja, ukatutazama mmoja mmoja, ukatabasamu, ukauliza: "Baba, filimbi bado?"

Tishari zima likaangua kicheko. Mpaka leo Makorora wanakutania: Bakari kashinda kabla hajaanza! Muuza kahawa anakuuliza, "Bakari, umeshakunywa au bado?" Nawe unacheka nao, unadhani siku ile ulitia mzaha. Hukutia mzaha. Njiani tukirudi nilikuuliza kwa ujanja, wa kushoto kwako alikuwa nani. Ukasema, "Mie nakumbuka nimeruka tu, baba." Sikukuuliza tena. Lile tabasamu nalijua. Nilikuwa sijaliona tena tangu Tongoni.

Ofisa wa kambi ya wanamaji ya Mombasa alikuwa pale. Aliona umeshinda, hayo mengine hakuyaona, akaandika jina lako siku hiyo hiyo. Mimi nikatia sahihi kwa mkono huu huu, nikanyamaza, nikajivuna. Kwa mara ya pili nilikaa juu ya maji nikifurahia namba, na aliye chini ni wa damu yangu.

Juzi tulipokuwa tunakula, ulimwambia mama yako kwamba Mombasa njia yao ni yadi mia. Akauliza, "Mia si mbali, mwanangu?" Ukamjibu, "Hata mia nitaimaliza bila kuinua kichwa, mama. Nitavuta sitini. Nitakuwa najizoeza alfajiri peke yangu, wenzangu wasije wakaniibia ujuzi." Mama yako akakuombea dua. Mimi nikamega tonge, nikalirudisha sahanini.

Ndipo jana nikakuita uani, nikasema, "Bakari, zile pumzi naona uzipunguze." Ukacheka: "Kwani baba unaogopa nini? Si wewe uliyenifundisha?" Nikakuambia, "Haya, niletee maji nitawadhe." Na haukuwa hata wakati wa sala.

Sasa nikupe hesabu ya mwisho, na hii usiipende.

Kwa yadi mia, ukivuta pumzi kama watu, itakupasa uinue uso mara kumi na mbili. Ukijifunza kugeuza shingo pembeni badala ya kuinua kichwa kizima, kila moja itakula robo sekunde, si nusu. Hizo ni tatu. Yule ofisa aliniambia bingwa wao wa kambini huenda kwa dakika moja kamili. Wewe nimekupigia, bila zile pumzi zetu, sekunde sitini na mbili, labda sitini na tatu. Kwa hiyo utashindwa. Sikudanganyi. Utashindwa mara ya kwanza, huenda na ya pili, na watasema huyu wa Tanga alisifiwa bure, wakupe brashi ukasugue sitaha. Kasugue. Miguu yako ina sekunde nyingi ambazo mimi na wewe hatujazigusa, kwa sababu tulipata njia fupi tukaacha kufanya kazi. Kwa mwaka mmoja wa kupiga miguu asubuhi na jioni, utampita bingwa wao huku unavuta pumzi zako zote kumi na mbili. Hiyo nayo nimeipigia hesabu, nayo sikudanganyi.

Lakini ukishika njia yetu utashinda mara ya kwanza. Hilo ndilo linalonitisha. Utashinda, watakubeba mabegani, na kesho yake alfajiri utaingia majini peke yako na pumzi sitini, na hapatakuwa na Mzee Kombo.

Ile hamu ya pumzi inayokuchoma kifuani ndiyo inayokurudisha juu. Sisi tulijifunza kuinyamazisha. Mwenye hamu hupigana na maji, huinuka, hupiga kelele, huonekana. Aliyeinyamazisha hapigani, huona raha, kisha haoni kitu. Siogopi siku utakayoona tabu majini. Naogopa siku utakayoona raha.

Na huko utampata mtu wa kufurahia namba zako. Atakuwa na saa shingoni, atakujua jina, atakupa sehemu ya chakula chake, na kukupenda atakupenda kweli. Mtazame vizuri akikutazama. Ukiona macho yake yako kwenye saa wakati wewe uko chini ya maji, toka. Mimi nilikupenda hivyo miaka sita.

Saa uliyoniomba sikupi. Inabaki hapa mezani kwangu. Habari za Sefu nitamwambia mama yako mwenyewe ukishavuka mpaka. Wewe usimwandikie, hilo ni la kwangu. Mwaka huu nitakwenda Tongoni pia, ila sipeleki chano. Nitakaa kwenye kaburi la bibi yako nimweleze, ingawa nimechelewa.

Nakuomba kitu kimoja. Siku ya mashindano yako ya kwanza, kabla hujala, nenda posta unipigie simu ya maandishi. Wanatoza kwa neno, basi usipoteze maneno. Usiniandikie umekuwa wa ngapi. Usiniandikie sekunde, sekunde nimeshiba. Niandikie neno moja, namba: mara ngapi umeinua kichwa. Ikija kumi na mbili, nitaipeleka kwa muuza kahawa, niisome kwa sauti, niseme mwanangu amekuwa wa mwisho Mombasa nzima, na wote waliokaa pale watakunywa kwa mkono wangu. Ikija sifuri, nitapanda basi siku hiyo hiyo, nije nikutoe majini kwa sikio mbele ya maofisa wako, na wanifunge wakitaka.

Mama yako ananiita, anasema taa haijatiwa mafuta na wageni wako mlangoni. Adhana hiyo. Karatasi hii nitaitia chini ya kashata zako. Zile huwezi kufika nazo Horohoro mpakani bila kuzidokoa, kwa hiyo najua utaiona mapema.

Nitumie namba, mwanangu. Ikichelewa, ujue nimekaa kwenye ngazi za posta, nahesabu, na safari hii nikivuka mia sitafurahi.

Ni mimi, uliyeniita baba kabla ya kuisoma karatasi hii, na ninayetumai utaniita hivyo ukiimaliza,

Rashidi